Kipoozeo cha Ziada cha Giaboksi Otomatiki Kwenye Baridi Kali: Kukichagua, Kukifunga na Kukitunza Majira ya Theluji

Watu hununua kipoozeo cha ziada kwa kuogopa joto. Gari linalovuta trela, linalosukuma theluji kwa plau au linalopanda milima na mzigo huchemsha mafuta ya giaboksi. Mafuta yakikaa muda mrefu juu ya 120°C huungua, hugeuka rangi ya kahawia, na klachi za ndani huanza kuteleza. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kipoozeo hicho hicho, kikifungwa vibaya mahali penye baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, kinaweza kuharibu giaboksi asubuhi moja, gari likiwa tupu. Na kinachoiharibu ni mafuta kushindwa kupita.

Kwa hiyo katika kila uamuzi utakaofanya, kuanzia aina ya kipoozeo hadi klipu ya hosi, uliza kwanza: mafuta yatapita asubuhi ya baridi kuliko zote? Swali la yatapoa kiasi gani lije baada ya hapo.

Kinachotokea ndani

Pampu ya giaboksi hutuma mafuta kwenye konvata, kile kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa kutumia mafuta. Yakitoka huko, yakiwa ndiyo mafuta yenye joto kubwa kuliko yote, hupita bomba la kwenda kwenye kipoozeo, kisha hurudi. Katika giaboksi nyingi mafuta yanayorudi hayamwagwi tu kwenye sampu, yaani karai la mafuta lililo chini ya giaboksi. Huelekezwa kulainisha bushi, beringi na gia za sayari. Njia ya kipoozeo ikiziba, sehemu hizo hukosa mafuta hata kama sampu imejaa pomoni.

Sasa tazama mnato, yaani uzito wa mafuta katika kutiririka, unaopimwa kwa mPa·s: namba ikiwa kubwa, mafuta ni mazito. Mafuta ya kiwango cha Dexron VI yanaruhusiwa kufikia 15,000 mPa·s kwenye -40°C, na ya zamani ya Dexron III yaliruhusiwa hadi 20,000. Kwenye 100°C mafuta hayo hayo yana mnato wa takriban 5 tu. Yaani kitu kinachotiririka karibu kama maji gari likiwa na joto, asubuhi ya baridi kali hushikamana kama asali iliyotoka kwenye friji. Mafuta yaliyolala usiku kucha kwenye kipoozeo mbele ya gari ndiyo yaliyopoa kuliko yote. Hakuna chuma cha injini karibu cha kuyahifadhia joto.

Ukiwasha gari na kuondoka, konvata inayakoroga mafuta na kuyapasha. Sampu inapata joto. Lakini mafuta mazito yaliyomo kwenye kipoozeo yamekwama, na kwa kuwa hayasogei, mafuta ya moto hayafiki kuyalainisha. Upepo wa mwendo nao unazidi kuyachota joto. Hapo unapata jambo la kushangaza: nje ni -30°C, kipoozeo ukikigusa ni baridi kama barafu, na mafuta ya sampu yanapita 110°C. Fundi asiyejua hili atasema kipoozeo ni kidogo na kukushauri ufunge kikubwa zaidi. Tatizo litaongezeka.

Madhara ya pili huja polepole. Mafuta yasipofika joto lake la kazi, kompyuta ya gari huchelewa kuruhusu konvata ijifunge (iiunganishe injini na giaboksi bila kuteleza), na mara nyingi huzuia gia ya juu kabisa. Injini inazunguka zaidi ya inavyohitajika, matumizi ya petroli au dizeli yanapanda, na unyevu ulioingia kupitia tundu la kupumulia la giaboksi haupati joto la kuufukuza. Maji kwenye mafuta ya giaboksi hula gundi inayoshikilia bitana za klachi. Gari la safari fupi fupi za dakika kumi ndilo linaloumia zaidi.

Mambo mawili husemwa sana na yanahitaji kurekebishwa. La kwanza, upepo wa mwendo hauwezi kuyashusha mafuta chini ya halijoto ya hewa. Unayafikisha huko haraka zaidi, basi. La pili, watu hudhani rejeta itayapasha mafuta hadi 90°C kwa sababu injini ina 90°C. Koili ya mafuta ya giaboksi huwa ndani ya tangi la rejeta la upande wa kutokea, yaani upande uliopoa. Majira ya baridi themostati ya injini, valvu inayofunguka kwa joto, hufunguka kidogo sana, na kulanti (maji ya kupozea injini) iliyomo kwenye tangi hilo inaweza kuwa vuguvugu tu. Rejeta inasaidia, na ni kosa kuiondoa kwenye mzunguko, lakini usiitegemee kama jiko.

Pima kabla ya kununua

Unganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari na ufuatilie halijoto ya mafuta ya giaboksi kwa siku kadhaa za matumizi yako ya kawaida. Kama gari halitoi taarifa hiyo, funga sensa kwenye sampu. Sensa kwenye bomba linalotoka konvata inapanda na kushuka kwa sekunde, nayo ni nzuri kwa anayevuta mizigo. Kwa suala la baridi, sampu ndiyo inayosema ukweli.

Mafuta yakikaa kati ya 75 na 95°C, liache gari lilivyo. Yakivuka 110°C mara kwa mara ukiwa na mzigo au plau, kipoozeo cha ziada kinahitajika. Yakishindwa kufika 60°C baada ya nusu saa ya barabara, hitaji lako ni joto, na kabla ya kugusa giaboksi kagua themostati ya injini. Themostati iliyokwama wazi huipoza injini na giaboksi kwa pamoja, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

Usidhani kwamba baridi inaondoa hitaji la kupoza. Gari lililonasa kwenye theluji, dereva akiwa anapeleka R na D, R na D, magurudumu yakizunguka mahali pamoja, huzalisha joto kubwa ndani ya konvata kwa dakika chache. Konvata ikizungushwa na injini huku gari halisogei, karibu nguvu yote inageuka joto. Plau ya theluji hufanya hivyo hivyo siku nzima. Ndiyo maana kukifungua kipoozeo na kukiweka stoo hadi theluji iishe si jibu zuri kwa mtu anayefanya kazi hizo.

Angalizo moja kwa magari mapya. Mengi yana kibadilisha-joto kidogo cha mabamba kilichofungwa kwenye giaboksi yenyewe, chenye kulanti upande mmoja na mafuta upande wa pili, na valvu yake ya halijoto. Mojawapo ya kazi zake ni kuyapasha mafuta mapema. Usikiruke. Kwa giaboksi za CVT (zinazobadilisha uwiano bila gia za hatua), fuata maelekezo ya mtengenezaji neno kwa neno. Shinikizo na mafuta yake ni tofauti.

Kuchagua kipoozeo

Kuna aina tatu sokoni. Ya kwanza ni bomba moja refu lililokunjwakunjwa na kuvishwa mapezi. Ni rahisi na imara, lakini mafuta yana njia moja tu nyembamba ya mita kadhaa. Kwa baridi kali hii ndiyo aina mbaya kuliko zote. Ya pili ina bomba bapa na mapezi, na kizuizi chake ni cha wastani. Ya tatu ni ya mabamba yaliyopangwa kwa tabaka: mafuta yanagawanyika kwenye njia nyingi kwa wakati mmoja, na baadhi zina mchepuko wa ndani ambao huyapitisha mafuta mazito moja kwa moja kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea shinikizo linapozidi. Nunua hii ya tatu, na uhakikishe maelezo yake yanataja mchepuko huo.

Ukubwa uchaguliwe kwa uzito wa jumla wa gari pamoja na trela, kama maelezo ya kipoozeo yanavyoonyesha. Kwenye joto, kuzidisha ukubwa hakuna hasara kubwa. Kwenye baridi bila valvu ya themostati kuna hasara kila siku.

Valvu ya themostati

Mchepuko wa ndani hufanya kazi kwa shinikizo, haujui halijoto. Mafuta yakishakuwa mepesi, kipoozeo kitaendelea kuyapoza hata yakiwa 40°C. Kinachojua halijoto ni valvu ya themostati, kijikopo chenye milango minne na nta ndani. Mafuta yakiwa baridi, valvu huyarudisha kwenye giaboksi bila kuyapitisha kwenye kipoozeo. Yakikaribia 82°C (kipimo cha kawaida cha valvu hizi) nta inatanuka, njia ya mkato inafungwa, na mafuta yanaelekezwa kwenye kipoozeo.

Valvu nzuri haikizibi kipoozeo kabisa. Huacha sehemu ndogo ya mafuta, kama moja ya kumi, ipite muda wote. Hilo huondoa hewa na huanza kuyalainisha mafuta yaliyolala humo, ili valvu inapofunguka yasikutane na ukuta. Kama gari lako litaona chini ya -15°C mara kwa mara, valvu hii ni ya lazima, na ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu cha ziada, inunue kabla ya kufikiria kipoozeo kikubwa.

Wapo wanaofunga valvu mbili za mkono, moja ya kwenda kwenye kipoozeo na nyingine ya njia ya mkato, wazigeuze majira yakibadilika. Usifanye hivyo. Siku mtu atakapozifunga zote mbili kwa kusahau, mafuta ya kulainisha yatakatika na giaboksi haitafika mbali. Kama ni lazima iwe ya mkono, tumia valvu moja ya njia tatu ambayo haina mahali pa kuziba pande zote.

Kipi kianze, rejeta au kipoozeo?

Bila valvu ya themostati: giaboksi, kipoozeo cha ziada, rejeta, giaboksi. Rejeta inakuwa ya mwisho, na mafuta yaliyopozwa kupita kiasi yanapashwa kidogo kabla ya kurudi.

Ukiwa na valvu: giaboksi, rejeta, valvu, kipoozeo, valvu, giaboksi. Sababu inahitaji kueleweka. Valvu ikikaa mbele ya rejeta, inapokea mafuta yaliyotoka tu kwenye konvata. Ukikanyaga pedeli kupanda kilima kifupi, mafuta hayo yanaruka juu ya 82°C kwa sekunde chache, valvu inafunguka, na mafuta baridi ya kipoozeo yanamwagika kwenye giaboksi ambayo sampu yake bado ni 40°C. Ikikaa baada ya rejeta, mishtuko hiyo inakuwa imetulizwa, na valvu hufunguka pale tu mfumo mzima unapokuwa na joto la kweli.

Mpangilio wowote utakaochagua, mchepuko urukie kipoozeo cha ziada peke yake. Rejeta ibaki kwenye mzunguko.

Vitu vya kuandaa

Kipoozeo na breketi zake. Valvu ya themostati. Hosi ya mafuta ya giaboksi yenye alama ya SAE J1532, mita 2 hadi 4, kipenyo cha ndani 8 au 9.5 mm kulingana na bomba la gari. Klipu nane hadi kumi. Maungio yanayoingia kwenye uzi wa rejeta au bomba la giaboksi. Lita 2 za mafuta ya kiwango kinachotajwa kwenye kitabu cha gari. Beseni, kikombe chenye vipimo, kipimajoto cha mwanga, miwani na glovu.

Hosi ya petroli isitumike hata kama inaenea. Mpira wake haukukusudiwa kwa joto la mafuta haya, na kwenye baridi kali hukakamaa, ukapasuka pale unapokunjwa. Kwenye klipu, zile za springi zinazobana zenyewe ni bora kuliko za skrubu. Mpira husinyaa na kukakamaa kwenye baridi, na klipu ya skrubu iliyokazwa kwenye gereji yenye joto inaweza kuanza kutoa matone asubuhi ya -25°C ingawa haikuvuja usiku uliopita. Springi hufuata mpira unaposinyaa.

Kufunga

1. Fanya kazi injini ikiwa vuguvugu, si ya moto. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, weka breki ya mkono. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

2. Tambua bomba la kwenda na la kurudi. Gari likiwa limepoa, washa injini na uelekeze kipimajoto cha mwanga kwenye mabomba yote mawili karibu na giaboksi. Linaloanza kupata joto ndilo linalotoka. Usibahatishe kwa kuangalia la juu na la chini. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake.

3. Ondoa bampa au shoo ya mbele kiasi cha kupata nafasi. Mahali pazuri pa kipoozeo ni mbele ya kondensa ya AC, pembeni badala ya katikati, pakiwa na nafasi ya milimita 6 hadi 12 kati ya viwili hivyo. Kisiguse kondensa, kwa maana mtetemo utatoboa kimoja kati ya viwili.

4. Kifunge kwa breketi za chuma kwenye fremu ya rejeta. Vile vipini vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya mapezi viachwe. Kwenye baridi plastiki huwa tete kama kioo, na chumvi na mchanga vikiingia kati yake na mapezi hufanya kazi ya msasa.

5. Milango ya kipoozeo itazame juu au pembeni. Ikitazama chini, hewa inakwama juu na sehemu ya kipoozeo haijai kamwe.

6. Funga valvu karibu na giaboksi au nyuma ya rejeta, mahali ambapo upepo wa moja kwa moja haufiki. Valvu iliyowekwa mbele kwenye upepo inasoma baridi ya hewa pamoja na joto la mafuta, na hufunguka kwa kuchelewa. Soma mishale au namba za milango mara mbili kabla ya kuunganisha. Kukosea hapa ni rahisi na hakuonekani: kipoozeo hakipati mafuta maisha yake yote na hakuna anayejua hadi kiangazi.

7. Kata hosi kwa kisu kikali, si msumeno, ili chembe za mpira zisiingie ndani. Pitisha hosi mbali na bomba la moshi, feni na sehemu za usukani. Mkunjo wowote uwe mpana. Hosi ya 9.5 mm ikikunjwa ghafla hujibana katikati, na kwenye baridi mbano huo unatosha kuzuia mafuta mazito.

8. Ukikata bomba la chuma, ncha yake lazima itengenezewe kingo iliyovimba kwa kifaa cha kazi hiyo. Hosi iliyochomekwa kwenye bomba laini itachomoka siku pampu itakaposukuma mafuta mazito, kwa sababu shinikizo kubwa kuliko la siku zote kwenye njia hii ni la asubuhi ya baridi.

9. Ingiza hosi angalau milimita 25 juu ya bomba, klipu ikae nyuma ya ule uvimbe. Kama ni ya skrubu, kaza hadi mpira uanze kuvimba kidogo kwenye matundu ya klipu, uishie hapo.

10. Ivishe hosi ganda la kinga kila inapopita kwenye kingo ya chuma.

Kuongeza mafuta na kupima mtiririko

Piga hesabu ya mafuta yatakayohitajika badala ya kukisia. Hosi ya 9.5 mm hubeba takriban mililita 70 kwa mita, na ya 8 mm mililita 50. Mita 3 za hosi nene ni mililita 210. Jumlisha ujazo wa kipoozeo ulioandikwa kwenye maelezo yake. Kwa magari mengi jumla ni kati ya nusu lita na lita moja. Mimina nusu ya hesabu hiyo kwanza, washa injini, pitisha gia zote kwa sekunde chache kila moja breki ikiwa imekanyagwa, kisha pima.

Kipimo cha mwisho kifanyike mafuta yakiwa kwenye halijoto ambayo kitabu cha gari kinataja, gari likiwa mahali tambarare. Kwa giaboksi nyingi zenye stiki ya kupimia mafuta ni karibu 70 hadi 80°C injini ikiwaka. Nyingine, zikiwemo Honda nyingi, hupimwa injini ikiwa imezimwa. Giaboksi zisizo na stiki hupimwa kwa plagi ya kumwagikia, kwa halijoto ya chini zaidi. Mafuta hutanuka yakipata joto, kwa hiyo ukijaza hadi alama ya moto mafuta yakiwa -10°C, yakipashwa yatazidi, yatakorogwa na gia, yatatoa povu, na povu hilo litatokea kwenye tundu la kupumulia. Hapo utatafuta uvujaji usiokuwepo.

Kisha pima mtiririko, hatua ambayo wengi wanairuka ingawa ndiyo inayosema kama kazi imefanikiwa. Mafuta yakiwa karibu 70°C, zima injini, fungua hosi inayorudi mahali inapoingia giaboksi, na uielekeze kwenye chombo chenye vipimo. Msaidizi awashe injini gari likiwa P, ahesabu sekunde 20 na azime papo hapo. Kanuni ya mafundi ni takriban lita moja kwa muda huo kwenye mzunguko wa chini. Ukipata nusu yake, kuna mkunjo, muungano mwembamba au uchafu. Usizidishe sekunde 20, kwa kuwa wakati huo bushi hazipati mafuta. Rudisha hosi na ujaze kiasi kilichotoka.

Jaribio hilo kwenye joto halitoshi. Asubuhi ya kwanza ya baridi kali, kabla ya kuondoka, acha injini iwake dakika mbili na ukague kila muungano kwa tochi. Rudia baada ya kama kilomita 100.

Kuondoka asubuhi ya baridi

Dakika moja hadi tatu za kuacha injini iwake zinatosha hadi takriban -20°C. Kukaa nusu saa kwenye P kunapasha injini zaidi ya giaboksi, na ni kupoteza petroli au dizeli. Kinachopasha giaboksi ni mwendo mwororo. Kwa dakika 10 hadi 15 za kwanza usikanyage pedeli zaidi ya theluthi, usivute trela kupanda kilima, na usishushe plau. Ukiweka D na gia ikachelewa kuingia sekunde mbili au tatu, subiri iingie. Kukanyaga pedeli wakati klachi bado zinajaa mafuta mazito ni kuzichoma.

Chini ya -30°C, hita inaanza kuwa na maana. Hita ya bloku, yaani ya umeme inayofungwa kwenye injini, huisaidia injini na hutoa joto kidogo sana kwa giaboksi, kwa sababu themostati imefungwa na kulanti ya moto haifiki kwenye rejeta. Giaboksi inahitaji pedi yake ya kubandikwa chini ya sampu ya chuma, saa mbili hadi tatu kabla ya safari. Safisha chuma hadi king'ae kabla ya kuibandika. Pedi iliyoachia upande mmoja huungua. Kwenye sampu ya plastiki isibandikwe kabisa. Pia pedi hailainishi mafuta yaliyoko mbele kwenye kipoozeo, hivyo haichukui nafasi ya valvu.

Kuhusu mafuta yenyewe, kama mtengenezaji ameruhusu kiwango kipya chenye mnato mdogo badala ya cha zamani, kubadilisha kabla ya majira ya baridi ni faida ya moja kwa moja. Kama hajaruhusu, baki na kilichoandikwa.

Kufunika kwa kadibodi

Kufunika kipoozeo kunasaidia kwenye tatizo moja tu: mafuta kukaa baridi mno ukiwa barabarani. Hakusaidii lolote kwa mafuta yaliyoganda usiku, kwa kuwa nyuma ya kadibodi halijoto ni ile ile ya nje. Funika ikiwa sampu haifiki 60°C baada ya nusu saa, anza na nusu ya kipoozeo, na ufunike kipoozeo peke yake bila kuziba rejeta yote. Tumia bamba la plastiki ngumu au alumini lililofungwa kwa skrubu mbili. Kadibodi hulowa, hulegea na kuingia kwenye feni. Toa kifuniko hewa ikipanda juu ya sifuri, na kila unapovuta mzigo, hata kama ni -20°C.

Dalili na maana zake

Sampu inapanda joto haraka na kipoozeo ni baridi kabisa: mafuta yamekwama, au valvu imekufa ikiwa upande wa mkato. Simama, weka P, acha injini iwake taratibu, na fuatilia kwa kipimajoto cha mwanga kama joto linasogea kwenye hosi. Usiendelee na safari ukitumaini litapungua. Likitokea tena, njia ya kipoozeo haina mchepuko unaofaa na lazima ibadilishwe.

Sampu haipandi juu ya 50°C hata kwenye barabara kuu: valvu imekwama wazi, au haipo. Weka valvu iliyofunguliwa kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto na uyapashe polepole. Kipande cha nta kinapaswa kusogea karibu na halijoto iliyoandikwa.

Mafuta yenye rangi ya maziwa ya waridi ni hatari kubwa zaidi ya zote: kulanti imeingia kupitia koili ya rejeta. Usiendeshe hata kilomita moja. Rejeta ibadilishwe, na kipoozeo cha ziada kibadilishwe pia, kwa sababu cha mabamba hakioshiki kikaisha uchafu.

Giaboksi ikiwahi kuharibika ndani na kuacha chembe za chuma, kanuni ni hiyo hiyo: kipoozeo kipya, pamoja na kuosha mabomba.

Chumvi na theluji iliyoshindiliwa

Chumvi ya barabarani hula mabomba ya chuma kuanzia kwenye breketi, pale unyevu unapokaa. Kila wiki mbili mwaga maji mengi kwenye kipoozeo na mabomba, kwa shinikizo dogo na kutoka nyuma kwenda mbele, ili yasukume uchafu kule ulikotokea. Mashine ya shinikizo kubwa hulaza mapezi. Theluji iliyoshindiliwa mbele isikwanguliwe kwa chuma. Maji vuguvugu yanatosha.

Theluji ikiisha, ondoa kifuniko, kagua mabomba ya chuma kwa kuyapapasa chini ya breketi mahali jicho halifiki, na ubadilishe lolote ambalo kutu yake inabanduka kwa kucha. Vuta kila hosi kwa mkono na ukunje kidogo karibu na klipu. Nyufa ndogo huanzia hapo. Kisha pima mtiririko tena kwa sekunde 20 na uandike jibu kando ya lile la mwanzo.